CD Zilizotundikwa Mipapaini

Tuala Fiso alikutwa Jumanne asubuhi, amelala chali katikati ya rafu zake tupu, fuvu limepasuka juu ya sikio la kushoto, na juu ya kifua chake kuna CD moja. Haikuanguka pale. Iliwekwa, katikati kabisa, upande wenye maandishi ukitazama juu.

Inspekta Mataina Seuli aliitazama ile CD kabla hajaitazama maiti. Miaka ishirini na sita ya upelelezi hapa kisiwani Upolu imemfundisha kwamba muuaji akiacha kitu, ana neno la kusema. Mwenye hasira za kawaida hupiga akakimbia. Huyu alipiga, akatulia, akaacha ujumbe.

"Aliuawa na mtu aliyemchukia," alisema.

Konstebo Lusia, binti wa kitengo cha kompyuta, alijibu kwamba kwa upande huo foleni ni ndefu.

Na ilikuwa ndefu kweli. Tuala alikuwa mkuu wa Hifadhi ya Sauti ya Vailuma, nyumba ya mlimani juu ya mji wa Apia iliyotunza CD elfu tatu: nyimbo, hotuba za machifu, nasaba za koo, sauti za mabibi waliokwisha kuzikwa. Mwaka jana alitangaza redioni kwamba CD zimepitwa na wakati, hakuna kompyuta mpya inayozisoma, na kila kitu kinahamishiwa kwenye mtambo mpya. Watu waliokwenda kuulizia sauti za wazazi wao waliambiwa warudi wiki ijayo. Wakirudi, waliambiwa warudi tena. Akiulizwa CD zenyewe ziko wapi, alicheka. Mungu anisamehe, marehemu hasemwi vibaya, lakini yule bwana alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu aangaze macho kutafuta jiwe.

Daktari wa uchunguzi alikadiria kifo kuwa Jumatatu kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, saa za sala, wakati kila nyumba ya Vailuma inaimba na barabarani hapiti mtu. Pigo lilikuwa moja tu, la mti mgumu wenye ncha butu. Ndani ya jeraha kulikuwa na udongo mwekundu.

"Mti wa kupandia magimbi," alisema Mataina.

"Kwa hiyo muuaji ni mkulima, afande."

"Umeshapunguza nusu ya nchi. Hongera."

Kijiji hakikusubiri hesabu hizo. Kabla ya saa sita mchana jina lilikuwa limeshapatikana: Ropati, aliyekuwa mfagiaji wa Hifadhi. CD zilipotupwa nje, Ropati aliziomba akazitundika kwenye mipapai yake ziwafukuze ndege. Si ajabu hiyo, sote tunafanya. Hata mchungaji ana kumi na mbili kwenye migomba yake. Ila miezi miwili nyuma Tuala alimfukuza kazi kwa kusinzia, naye Ropati akasema dukani, mbele ya watu, kwamba siku moja atampasua yule bwana kichwa kama nazi.

Machifu wa Vailuma walikaa, wakatoa neno. Jumamosi asubuhi watakutana tena. Ikiwa polisi hawatakuwa wamemtaja mwingine, Ropati na watu wake kumi na mmoja watahama kijiji, nyumba itachomwa, nguruwe watachinjwa. Polisi wana mafaili yao, machifu wana kiberiti chao, na kwetu kiberiti hakichelewi.

Mataina alimhoji Ropati mchana uleule.

"Ulisema utampasua kichwa."

"Nilisema."

"Kama nazi."

"Afande, hasira yangu haikai hata mpaka chakula kiive. Ningetaka kumpasua, ningempasua palepale dukani. Nikae miezi miwili nangoja nini?"

"Jana saa za sala ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nasali. Mimi na mke wangu na watoto."

"Nani mwingine alikuona?"

"Mungu."

"Huyo siwezi kumwita mahakamani, Ropati."

Alimwacha mahabusu, zaidi kwa kumlinda, akaenda kukagua shamba. Mipapai ilikuwa inameremeta kama duka la vito. Kila CD ilining'inia kwa mshipi wa kuvulia samaki, wa kijani. Mke wa Ropati, uso umemvimba kwa kulia, alisema walitundika sitini na moja. Mataina alihesabu mara mbili akapata sitini. Kwenye mpapai wa kando ya barabara kulikuwa na mshipi mtupu.

Aliuvuta ule mshipi karibu na macho. Ncha haikukatwa. Fundo lilifunguliwa kwa kucha, taratibu, mpaka likaachia lenyewe.

"Mwizi angekata," alimwambia Lusia. "Ropati mwenyewe angekata, ni vyake. Huyu alikuwa anaogopa kuikwaruza."

CD ya kifuani iliandikwa 417 kwa wino mweusi. Kujua ndani mna nini ikawa kazi. Makao makuu mazima ya polisi, ghorofa zote, hapakuwa na kompyuta hata moja yenye mlango wa CD. Mwisho walikwenda stendi ya mabasi, wakamwomba dereva mmoja mzee ambaye redio ya basi lake bado inazila. Mashine iliizungusha, ikaizungusha, ikaitema.

Lusia aliiinua juani na mwanga ukapita ndani yake kama kwenye kioo cha dirisha. Akaeleza kwa kifupi. CD ya kiwandani sauti yake imechapwa ndani ya plastiki, hukaa sana. Hii ni ya kuchomea kwenye kompyuta, sauti inakaa kwenye rangi iliyopakwa, na rangi hiyo adui yake mkubwa ni jua. Miezi michache mpapaini, imekwisha.

"Haiwezi kurudishwa?"

"Hakuna cha kurudisha, afande. Imebaki sahani."

Maabara, iliyoikagua kabla ya safari ya stendi, iliongeza mambo mawili. CD ilikuwa imeoshwa kwa sabuni, na alama za vidole zilikuwa ukingoni tu, za mtu mmoja, anayejua CD haishikwi usoni. Hazikuwa za Ropati. Mataina alipeleka taarifa hiyo kwa machifu mwenyewe. Walimsikiliza kwa adabu, wakamnywesha kava, kinywaji cha mizizi anachopewa mgeni wa heshima, wakamwambia wao alama za vidole hawazijui, wanajua mdomo uliotishia. Polisi walete jina.

Jumatano jioni Lusia alipata daftari la zamani la Hifadhi chini ya meza ya Tuala. Akafuata namba kwa kidole mpaka kikasimama.

"Soma," alisema Mataina.

"Mia nne kumi na saba. Watoto wa shule ya Jumapili, Saleolo. Agosti, elfu mbili na tisa."

Hakuna mtu wa nchi hii anayehitaji kuelezwa kilichowapata Saleolo mwezi uliofuata. Bahari ilirudi nyuma, watu wakashangaa, kisha ikaja yote kwa pamoja.

Mataina alimpigia simu mchungaji wa Saleolo. Watoto walioimba walikuwa wanane, mzee yule akasema, na wimbi lilichukua watatu. Wazazi wa mmoja wamehamia Auckland, ng'ambo, siku nyingi. Wamebaki wa familia za Pulotu na Leuga, wote wakulima, wote watu wa kanisa, na tafadhali Inspekta asije huku akawatonesha.

Akamwuliza Lusia kama sauti hiyo imo kwenye kompyuta ya Tuala. Lusia alikuwa ameshatafuta. Orodha ya majina elfu tatu ilikuwemo, nzuri, imepangwa. Ukifungua jina, ndani hamna kitu. Ule mtambo mpya aliotangaza redioni haukuwahi kufika kutoka ng'ambo, lakini CD zilikuwa zimeshatupwa.

Mataina aliketi kwenye kiti cha marehemu. Alikuwa na hasira. Kwa mara ya kwanza tangu avae sare alijikuta anatamani muuaji asipatikane. Halafu akawakumbuka watu kumi na mmoja wa Ropati, akasimama.

Alhamisi Lusia alikwenda Saleolo kuchukua alama za vidole. Pulotu alitoa zake bila maneno, hazikulingana. Leuga hakuwepo nyumbani. Amekwenda shamba la mbali, walisema, hawajui atarudi lini.

Ijumaa ilikuwa mazishi. Mataina alikwenda, akakaa nyuma na akina mama. Kwetu zawadi za msiba hazipokelewi kimya kimya. Mzee msemaji husimama uwanjani, akapaza sauti, akataja kila kilicholetwa na nani kakileta, hata watu wa barabarani wasikie. Wamelaumiwa wengi kwa desturi hiyo, na wamejulikana wengi.

Mikeka ilitajwa mmoja mmoja. Ukoo wa mjane. Kwaya. Wizara. Kisha wanawake wawili wakakunjua mkeka, na shingo zikanyooka uwanja mzima.

Mataina alilelewa na shangazi mfumaji, alijua anachokiona. Mkeka laini kuliko shuka, wa rangi ya asali, manyoya mekundu ukingoni, mkubwa wa kufunika watu kumi. Mkeka wa namna hiyo ukoo hauchezei. Hutoka binti wa chifu akiolewa, au damu ikimwagika, ukoo mzima ukaenda kupiga magoti chini yake kuomba radhi.

"Mkeka wa ukoo wa Leuga," alinadi msemaji, na yeye mwenyewe sauti ilimyumba. "Wa Saleolo."

Minong'ono ikaanza. Leuga ni nani kwa Fiso? Hakuna undugu. Hakuna ndoa. Si kijiji kimoja, si kanisa moja. Mgeni wa msiba huleta mkeka mdogo na pole zake, akapewa chakula akaenda zake.

Mataina alimtafuta mleta mkeka kwa macho, akamwona: bibi kizee mwenye shuka jeusi, peke yake kwenye kona. Jina lake Faapusa, mama yake Leuga. Akaenda akaketi karibu naye, magoti kwa magoti.

"Pole kwa safari, mama."

"Ahsante, mwanangu."

"Ule mkeka mliufuma muda gani?"

"Miaka minne. Mimi na dada zangu wawili. Wao wameshakufa."

"Marehemu alikuwa nani kwenu?"

Bibi aliliweka sawa shuka lake. "Si mtu kwetu."

"Miaka minne ya kufuma, mama, kwa ambaye si mtu kwenu?"

Faapusa aliangalia mikono yake. Machozi yalimtoka bila sauti, yakamdondokea mapajani.

"Nilimwambia twende tukapige magoti," alisema. "Akakataa. Akasema yeye hamwinamii yule hata akiwa maiti. Nikasema basi mkeka utangulie. Mimi ni mzee, nitakufa nalo vipi hili moyoni?"

"Inatosha, mama."

Aliyesema hivyo alisimama nyuma yao. Mwanamume mrefu, mabega ya shamba, kucha zake zina udongo mwekundu ambao sabuni imeshindwa nao. Hakumtazama Mataina. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, akangoja pingu.

Kituoni alikataa wakili, akakataa maji. Alizungumza kama mtu anayeshusha gunia.

"Jina?"

"Patelesio Leuga. Baba yake Sulami."

"Niambie kuhusu Sulami."

"Alikuwa na miaka minane. Wimbi lilichukua nyumba, picha, nguo, na yeye. Hatukumpata. Nina kaburi ambalo ndani halina mtu, afande. Kilichobaki ni ile CD. Kabla ya wimbo kila mtoto anasema jina lake."

"Kwa nini hukukaa na nakala?"

Leuga akatabasamu vibaya. "Watu wa Hifadhi walinipa. Nikawarudishia. Nyumba yangu ufukweni, yao mlimani. Nikasema bahari haitafika kule. Kila Septemba nilipanda basi nikaenda, yule mzee aliyekuwepo kabla ya huyu akanipigia ile CD, nikasikiliza, nikarudi. Miaka minane nilifanya hivyo."

"Akaja Tuala."

"Akaja Tuala. Nimekwenda kwake mara saba. Rudi wiki ijayo. Rudi mwezi ujao. Mara ya saba nilikuta mlango umefungwa. Nikateremka kwa miguu. Nikaona kitu kinametameta juu ya mpapai, nikasimama tu kuangalia, kama mtoto. Kikageuka na upepo. Mia nne kumi na saba." Akaangalia kucha zake. "Ndege alikuwa ameinyea."

Mataina aliacha kalamu.

"Niliifungua, nikaiosha, nikampelekea dereva wa basi letu. Haikusema kitu. Siku mbili nilikaa nayo mapajani. Jumatatu nikarudi."

"Na mti wa kupandia."

"Nilitoka nao shamba. Sikwenda kuua. Nilikwenda aniombe radhi. Aniombe radhi, basi. Angeinamisha kichwa hivi tu, ningerudi nyumbani kula."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akasema, mzee, CD zimekufa, mpaka leo bado mnazilia? Nikampiga. Nikamwekea kifuani, aende nayo."

"Unajuta?"

Alifikiri kweli, Mataina aliliona hilo.

"Hapana," alisema. "Alinimalizia mwanangu mara ya pili. Bahari haina akili, siwezi kuilaumu. Yeye alikuwa nayo. Kama angekuwa amenibakizia hata punje, ningejuta."

Alama za vidole zililingana, zote kumi. Usiku haujaingia Lusia alishafika kwa machifu wa Vailuma na jina. Ropati alirudi kwake kwa miguu, nguruwe wake wakiwa hai, na wale waliokuwa wameshatayarisha kiberiti walimpungia mkono kama hakuna kilichotokea.

Jumamosi alfajiri ukoo wa Leuga ulikuja Vailuma kwa ifoga, kuomba radhi kwa damu. Watu ishirini walipiga magoti kwenye nyasi zenye umande mbele ya nyumba ya mjane, wakajifunika mikeka yao, Faapusa mbele. Leuga alikuwa kati yao na pingu mikononi. Mama yake alilia mpaka Mataina akamruhusu mwanawe aje. Ndivyo inavyokuwa. Mwenye msiba akiinua mkeka, amesamehe. Asipoinua, mnakaa hapo, na lolote litakalowapata ni haki yake.

Jua lilipanda. Mjane, Nive Fiso, alikaa ndani akiwatazama. Vijana wa ukoo wake walisimama pembeni na mapanga. Moshi wa tanuri la mawe, waliloliwasha kwa ajili ya wageni wa msiba, ulitanda uwanjani.

Saa tatu na kitu Nive alitoka. Akaenda kwa Faapusa, akashika ukingo wa mkeka, akaufunua. Kijiji kizima kilishusha pumzi. Mapanga yakalazwa chini. Alimwinua bibi kizee kwa mikono yake, akambusu shavuni, akaamuru watu waletewe chakula.

Kisha akamwita Lusia, akamkabidhi kisanduku cheusi kidogo kuliko kitabu cha nyimbo.

"Mume wangu alikuwa mvivu na mwenye dharau," alisema. "Mimi niliyeishi naye ndiye najua. Lakini si mwizi. Mtambo ulipochelewa alizinakili zote kwenye hiki, nyumbani, mezani pangu, miezi sita. Orodha ya ofisini alikuwa bado hajaiunganisha nazo. Angewaambia watu, lakini alipenda kubembelezwa. Zimo zote. Pungufu moja, niliyoihamisha mwenyewe."

Leuga aliinua kichwa.

Nive alimsogelea, akachuchumaa mbele yake, simu mkononi, imechomekwa kijiti cha kuhifadhia sauti, kile kidogo cha kubeba mfukoni. Akabonyeza. Kelele kidogo za ukumbi, mtu akikohoa, halafu sauti nyembamba ya mtoto anayejitahidi kusimama wima:

"Naitwa Sulami Leuga. Nina miaka minane, na baba yangu..."

Nive akabonyeza tena. Ikakatika.

"Ungemngoja wiki moja," alimwambia, kwa sauti ya chini kabisa. "Au ungeuliza kwangu. Watu wako nimewasamehe. Wewe sijakusamehe."

Alichomoa kile kijiti, akatembea mpaka kwenye tanuri, mawe yamekuwa mekundu. Mataina alikuwa na hatua nne za kumfikia, tano akizidi. Alikuwa na sheria, alikuwa na sauti ya kuamuru. Hakusogea, na mpaka leo hawezi kukwambia kwa nini. Plastiki ililia kidogo juu ya jiwe, ikanuka, ikaisha.

Leuga hakupiga kelele. Alibaki amepiga magoti palepale, pingu mapajani, jasho linamtiririka. Nive alipopita tena mbele yake kurudi ndani, alimshika pindo la nguo.

"Mama, nakuomba," alisema. "Baba yangu nini? Alisema baba yangu nini?"

"Sijui," alisema Nive. "Sikusikiliza mpaka mwisho."